LANGO MOJA LA TAARIFA ZA TABIANCHI: KUTOKA GITEGA HADI MUYINGA



Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa Muyinga ameyajua mawingu yake tangu utotoni, lakini miaka hii yamekuwa yakimhadaa. Hutanda mwezi wa Septemba, mvua hunyesha siku mbili tatu, naye hupanda maharagwe. Kisha jua huwaka wiki nzima, na ya pili, na ya tatu, mpaka mbegu zikakauka ardhini. Mbegu hizo alizinunua, au alizikopa kwa jirani. Kwake yeye, kujua kama mvua ya kwanza ndiyo mwanzo halisi wa msimu ni suala la chakula cha nyumba nzima.

Taarifa za kumsaidia zipo. Nyingi huandaliwa Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Lakini taarifa hizo zimetawanyika katika taasisi mbalimbali, kila moja na mahali pake pa kuzitangaza, na nyingi zimeandikwa kwa lugha ambayo mkulima haitumii nyumbani wala shambani. Makala haya yanakusudia kueleza maana ya kuunganisha tovuti za umma za tabianchi ziwe lango moja, jinsi kazi hiyo inavyofanywa, hatari zake, na kwa nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kusema kwamba jambo hilo ni la mafundi wa kompyuta peke yao.

Taarifa ziko wapi hivi sasa?

Hebu tuanze kwa kuzitaja taasisi zinazohusika, maana ukizipanga pamoja ndipo unapoona jinsi njia zilivyo nyingi.

Ya kwanza ni IGEBU, yaani Taasisi ya Jiografia ya Burundi, yenye makao yake makuu Gitega. Hii ndiyo inayopima mvua, joto, upepo na kina cha mito, na ndiyo inayotoa utabiri wa hali ya hewa nchini. Mji wa Muyinga una kituo cha upimaji, na vipimo vya huko ni sehemu ya kumbukumbu za taifa. Ya pili ni OBPE, ofisi ya kulinda mazingira iliyoundwa mwaka 2014, inayoshughulikia misitu, mbuga na masuala ya mazingira kwa jumla. Ya tatu ni ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo, inayojua ni mbegu gani inafaa udongo upi na mvua kiasi gani. Ya nne ni jukwaa la kitaifa la kuzuia na kukabili majanga. Pia ipo wizara yenye dhamana ya mazingira, kilimo na ufugaji.

Nje ya mipaka ziko nyingine. Kituo cha ICPAC, kilicho Nairobi, kilianza mwaka 1989 kama kituo cha kufuatilia ukame, na leo kinahudumia nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, Burundi ikiwamo. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi hizo wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua ili kutoa mwelekeo wa pamoja. Upande wa pili wa mpaka wa Kobero kuna Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa utabiri wake kwa Kiswahili, na wilaya ya Ngara iko jirani kabisa na Muyinga.

Sasa mfikirie mwalimu wa shule ya sekondari Muyinga anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake mvua zitakuwaje. Utabiri ataupata mahali pamoja, ushauri wa mbegu mahali pengine, tahadhari ya mafuriko au ukame mahali pa tatu. Faili moja ni ramani nzito isiyofunguka kwenye simu yake. Jingine halina tarehe, hajui kama ni la mwaka huu au la mwaka juzi. Kabla hajamaliza, kifurushi cha intaneti alichonunua kimekwisha. Hakuna taasisi hata moja iliyokosea katika safari hiyo. Kila moja imefanya kazi yake. Kilichokosekana ni mahali pa kuzikutanisha.

Kuunganisha ni kufanya nini?

Ulugo wa Mrundi wa kale, au kwa Kirundi chenyewe urugo, ulikuwa na nyumba zaidi ya moja ndani yake: nyumba ya mwenye mji, jiko, ghala la nafaka, zizi. Lakini mgeni aliingia kwa irembo, mlango mmoja wa ua. Hakuulizwa ajue ghala liko upande gani kabla ya kubisha hodi. Jirani zetu wa Rwanda, ambao neno hilo wanalo pia, walilichukua na kuuita Irembo mtandao wao wa huduma za serikali ulioanza mwaka 2015, ambamo mwananchi huomba vyeti na huduma nyingine kupitia mahali pamoja. Jina lile limefanya kazi ambayo kurasa nyingi za maelezo zisingeifanya. Kwa Kiswahili sisi tunapendekeza neno lango.

Mfano wa pili uko Muyinga kwenyewe. Zamani dereva wa lori aliyetoka Tanzania alisimama Kabanga kukaguliwa, kisha akasimama tena Kobero kukaguliwa upya. Kituo cha pamoja cha mpakani kimekusudiwa kuziweka huduma za nchi zote mbili chini ya paa moja. Tuzingatie jambo hili: afisa wa Burundi amebaki afisa wa Burundi, na wa Tanzania amebaki wa Tanzania. Kilichounganishwa ni mlango wa kuingilia, na kila mamlaka imebaki na kazi yake.

Hivyo ndivyo lango la tabianchi linavyopaswa kuwa. Kazi yenyewe ina hatua zake:

1. Kuorodhesha kila kitu kilichokwisha kuchapishwa: ramani, majedwali, taarifa za misimu, ripoti, tahadhari. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachosha, kisha hugundua baadaye kwamba kuna kilichopotea.

2. Kuamua mwenye kauli. Utabiri wa mvua utolewe na IGEBU peke yake. Ushauri wa mbegu na ISABU. Lango likionyesha tabiri mbili zinazopingana bila kusema ipi ni rasmi, limezidisha tatizo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linafuata kanuni hiyo hiyo katika ukurasa wake wa kimataifa wa tahadhari: linakusanya mahali pamoja maonyo yaliyotolewa na taasisi rasmi za kila nchi.

3. Kuweka tarehe, mahali na kipimo kwa namna moja. Millimita za mvua ziandikwe vilevile kila mahali.

4. Kuzielekeza anwani za zamani kwenye mpya. Kitabu cha kiada kilichochapishwa kikiwa na anwani ya zamani hakiwezi kusahihishwa. Basi anwani ile iendelee kumfikisha msomaji.

5. Kuhifadhi kumbukumbu. Wastani wa tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Atakayefuta vipimo vya zamani atakuwa amefuta kipimo cha kulinganishia vipya.

6. Kuufanya ukurasa uwe mwepesi, ufunguke kwenye simu ndogo yenye mtandao hafifu.

Majina ya mahali yanapobadilika

Mwaka 2025 Burundi ilianza kutumia mgawanyo mpya wa nchi. Mikoa 18 imekuwa 5, na tarafa 119 zimekuwa 42. Muyinga, iliyokuwa mkoa, sasa ni tarafa ndani ya mkoa wa Buhumuza, pamoja na yaliyokuwa maeneo ya Cankuzo na Ruyigi. Mkoa wa Gitega nao umepanuka ukachukua Karusi, Muramvya na Mwaro.

Jambo hili linagusa moja kwa moja taarifa za tabianchi. Jedwali la zamani linaposema "ukame Muyinga", linasema habari za mkoa mzima wa wakati ule. Likisomwa leo na mwanafunzi asiyejua, atadhani ni habari za tarafa moja. Kinyume chake, onyo likitolewa leo kwa "Buhumuza" nzima, mkulima wa Muyinga hataelewa kama linamhusu yeye au watu wa mabonde ya Ruyigi. Lango likijengwa vizuri litabeba majina yote mawili, la zamani na la sasa, na litashuka hadi kwenye kilima, maana Mrundi anapoulizwa anatoka wapi hutaja kilima chake.

Tusilichukulie hili kuwa dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukame uliorudiarudia katika Kirundo na Muyinga ulileta njaa, na watu wengi walihama, baadhi wakavuka mpaka kuingia Rwanda na Tanzania. Mwanafunzi anayetaka kujua kama ukame wa aina ile unarudi mara nyingi zaidi atahitaji kuzisoma kumbukumbu za wakati ule kwa majina ya wakati ule.

Lango likifungwa

Mpaka hapa tumeusifu muungano. Ni haki tueleze na hatari yake.

Nchini Marekani, taasisi ya NOAA inayoshughulikia bahari na anga ilifungua lango lake la tabianchi, Climate.gov, mwaka 2010. Lilikuwa na maelezo mepesi, picha na masomo yaliyotumiwa na walimu wengi. Mwezi Juni mwaka 2025 anwani hiyo ilianza kuwapeleka wasomaji kwenye sehemu ya tabianchi ndani ya tovuti kuu ya NOAA. Siku chache baadaye, tovuti nyingine ya serikali iliyokuwa na tathmini za taifa za tabianchi ilitoweka mahali pake. Mapema mwaka huo huo, mwishoni mwa Januari, mtandao wa FEWS NET unaotoa maonyo ya njaa, ulioanzishwa mwaka 1985, ulizimwa kufuatia kusimamishwa kwa misaada ya Marekani, ukarejea miezi kadhaa baadaye. FEWS NET ulikuwa ukifuatilia Burundi pia.

Mafunzo hapa ni mawili. Kwanza, neno "kuunganisha" linaweza kubeba mambo mawili tofauti: kukusanya vilivyotawanyika ili vionekane, au kupunguza vilivyokuwapo. Msomaji ajifunze kuuliza: baada ya kuunganisha, ni kipi nilichokuwa nakiona jana ambacho leo sikioni? Pili, nyumba yenye mlango mmoja ukifungwa mlango huo watu wote wamebaki nje. Kwa hiyo nakala zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja: Gitega, Bujumbura, maktaba ya chuo kikuu, na hata kwenye karatasi katika ofisi ya tarafa. Aidha, nchi isiyotunza vipimo vyake yenyewe itategemea ghala la mtu mwingine, na siku ghala hilo likifungwa hana wa kumlaumu.

Kazi yetu sisi wa lugha

Tuje sasa nyumbani kwetu. Katika zoezi moja la darasani tuliwapa wanafunzi sentensi moja ya utabiri iliyoandikwa kwa Kifaransa, waigeuze kwa Kiswahili. Neno moja tu la "tabianchi" lilirudi kwa sura nne: hali ya hewa, hali ya anga, tabia ya nchi, na majira. Wote walikuwa wanafunzi wazuri. Ikiwa darasa moja limegawanyika hivyo, lango litakaloandikwa na taasisi tano litakuwaje? Mtu akitafuta kwa neno moja hataipata taarifa iliyohifadhiwa kwa neno jingine. Kuunganisha tovuti bila kuunganisha istilahi ni kazi iliyofanywa nusu.

Tunapendekeza tuanze na maneno haya machache.

Hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo, kesho au wiki hii: mvua inanyesha Gitega, jua linawaka Muyinga. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, ile desturi ya mahali. Mvua kubwa ya siku moja haithibitishi wala haikanushi mabadiliko ya tabianchi. Hali ya anga, inayotumika sana Kenya, tuitambue kuwa kisawe cha hali ya hewa.

Majina ya misimu. Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Mrundi ana agatasi, msimu wa kwanza wa kilimo unaoanza Septemba au Oktoba hadi kuingia mwaka mpya. Ana impeshi, kuanzia Februari hadi Mei au Juni. Na ana ici, wakati wa kiangazi, ambapo hulimwa mabondeni penye maji. Kiswahili cha Tanzania kina vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Ni rahisi kusema agatasi ni vuli na impeshi ni masika, na kwa mazungumzo inatosha. Lakini tazama tarehe: masika huanza Machi ilhali impeshi huanza Februari. Mkulima wa Muyinga akiisikia redio ya ng'ambo ikisema masika yataanza wiki ya pili ya Machi, akadhani ni habari ya impeshi yake, anaweza kuchelewa. Ushauri wetu ni kuyaacha agatasi na impeshi yalivyo katika matini ya Kiswahili yanayohusu Burundi, na kuyafafanua pembeni kwa majina ya miezi.

Uwezekano. Utabiri wa msimu hutolewa kwa asilimia. Tuseme, kwa mfano tu, umeandikwa: uwezekano wa asilimia 45 wa mvua za juu ya wastani, 35 za wastani, na 20 za chini ya wastani. Wanafunzi wengi husoma kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika miaka 20 inayofanana na huu, karibu 9 ingekuwa na mvua nyingi, 7 ya kawaida, na 4 ya uhaba. Miaka minne kati ya 20 si michache kwa mtu mwenye akiba ndogo. Mfasiri akiandika tu "mvua nyingi zinatarajiwa" ameuondoa uhaba wote katika sentensi, na mkulima atapanda bila kujikinga.

Ngazi za onyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutofautisha angalizo na tahadhari, na hutumia rangi kuonyesha uzito. Ni vyema tuzichukue istilahi hizo zilizokwisha kuzoeleka badala ya kubuni zetu, ili msafiri anayevuka Kobero asikute neno moja likiwa na uzito mwingine.

Je, Kirundi?

Baadhi ya wasomaji watauliza: Warundi karibu wote wanazungumza Kirundi; Kiswahili kinaingilia wapi? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba Kirundi kitangulie. Onyo linalomhusu mama aliye kilimani limfikie kwa lugha aliyonyonya nayo. Kiswahili kina kazi mbili nyingine. Ya kwanza ni ya kuvuka mipaka: mvua haina pasipoti, na wafanyabiashara, madereva na wavuvi kutoka Muyinga hadi ziwani hukitumia kila siku. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 wakuu wa jumuiya hiyo walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Ya pili ni ya istilahi: Kiswahili kina akiba ya maneno ya hali ya hewa ambayo Kirundi kinaweza kuyapima, kuyachukua au kuyakataa, kama ndugu wanavyoazimana vyombo.

Hatimaye tukumbuke kwamba lango la intaneti halifunguliwi na kila mtu. Wakulima walio wengi watapata habari kwa redio. Redio ya taifa hutangaza kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Wengine watapata kwa afisa wa kilimo, kwa mwalimu, kwa imamu au padri, kwa kiongozi wa nyumbakumi. Hao ndio watakaoingia langoni kwa niaba ya wengine, na wengi wao walipita au watapita madarasani mwetu. Wakitoka pale na sentensi iliyo wazi, mtaa mzima utafaidika. Wakitoka na sentensi ya mkanganyiko, wataueneza mkanganyiko huo kwa nia njema kabisa.

Basi tunawaomba wanafunzi wetu wa Gitega na Muyinga wafanye jambo moja kabla agatasi haijaanza. Chukueni taarifa moja ya msimu. Igeuzeni kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kila lugha isizidi sentensi tano. Msomeeni mtu mmoja anayelima, kisha mwombeni awaambie kwa maneno yake mwenyewe amesikia nini na atapanda lini. Andikeni jibu lake kama lilivyo, bila kulisahihisha. Penye tofauti kati ya mlichoandika na alichosikia ndipo penye kazi yetu, na majibu hayo ndiyo tutakayoyaletea idara ili orodha ya istilahi ianze kutungwa.